Programu ya kompyuta moja ya zamani kwenye kompyuta nyingine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karakana yangu ni chumba kimoja hapa Walukuba, Jinja. Mezani pana Spectrum mbili, Commodore 64 moja, BBC Micro ambayo haijafungwa kifuniko tangu nilipoipata, na redio kaseti ninayoitunza kuliko hizo zote. Watu huniletea mashine zilizolala masandukuni tangu miaka ya 1980: zilizokuja na wajomba waliosoma Uingereza, zilizonunuliwa Nairobi, zilizotolewa shuleni siku chumba cha kompyuta kilipogeuzwa stoo. Wengi huja pia na kaseti au diski ya programu (kwenye kaseti programu hurekodiwa kama sauti) ambayo si ya mashine waliyoishika mkononi, na wanataka kujua kama vitu hivyo viwili vitapatana. Nimeyakusanya majibu yangu hapa kwa Kiswahili, maana ndicho tunachoongea karakanani, na wanaoniandikia wako Arua, Mbale, Gulu na hata ng'ambo ya mpaka.

Spectrum na Amstrad CPC zote zina prosesa ya Z80. Mbona kaseti ya moja haikubali kwenye nyingine?

Mfikirie mwendesha boda unayemwambia: "Nenda hadi kwenye mwembe, kata kushoto, nyumba ya tatu." Akiwa Walukuba atafika. Mpeleke Masese umpe maneno yale yale. Lugha anaijua, pikipiki ni ile ile, lakini mwembe haupo, au upo mwingine, na nyumba ya tatu ni ya mtu asiyekufahamu. Z80 ndiyo huyo mwendesha boda. Programu ya lugha ya mashine, yaani maagizo ambayo prosesa huyasoma moja kwa moja, imejaa maelekezo ya namna hiyo, na kila kampuni ilipanga mtaa wake kivyake.

Tuutazame mtaa wenyewe. Kwenye Spectrum, picha ya skrini huanzia anwani (namba ya nafasi ndani ya kumbukumbu) 16384. Baiti 6144 ni za nukta, 768 zinazofuata ni za rangi, jumla 6912. Kwenye CPC skrini huanzia 49152 na hula baiti 16384 nzima, rangi zikiwa ndani ya baiti zile zile za nukta. Programu ya Spectrum ikichora kwenye 16384 ya CPC inachora gizani. Hapo ni kumbukumbu ya kawaida, na jicho halitaona kitu. Kisha itataka kulia. Spectrum ya 48K haina chipu ya muziki: prosesa yenyewe huinua na kushusha biti moja ya poti 254 (mlango wa kutolea ishara) haraka haraka, na kipaza sauti kidogo kilicho ndani hulia. CPC inatumia chipu ya AY yenye sauti tatu, na poti 254 kwake haina kazi hiyo. Mwisho programu itataka kusoma kipande kinachofuata cha kaseti, kwa hiyo itaita kazi iliyo ndani ya romu (kumbukumbu ya kudumu, isiyoandikika) ya Sinclair, watengenezaji wa Spectrum, kwenye anwani 1366. Kwenye CPC anwani hiyo ina kitu kingine kabisa. Hapo ndipo mashine huganda, au hujiwasha upya kana kwamba hukuigusa.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kama programu itavuka, jina la prosesa halinitoshi. Nataka kujua programu hiyo inagusa nini: inaandika kwenye skrini moja kwa moja au inaomba romu iandike? Inaita anwani za romu? Inahesabu muda kwa mapigo ya prosesa? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoniambia kama kazi ni ya dakika 10 au ya miezi miwili.

Waliotengeneza michezo enzi hizo walilijua hili vizuri. Michezo mingi ya CPC ni ya Spectrum iliyohamishwa kwa pupa: maagizo ya Z80 yameachwa kama yalivyo, kikaongezwa kipande cha kunakili skrini ndogo kwenye skrini kubwa. Matokeo yake ni rangi chache na mwendo mzito, ingawa CPC hupiga megahezi 4 na Spectrum 3.5. Mashine yenye nguvu zaidi ikaonekana goigoi kwa kosa lisilo lake. Mpaka leo jambo hilo huniuma kila ninapoiwasha CPC ya mtu.

Basi hakuna programu inayovuka bila kuguswa?

Zipo, na zote zina tabia moja: hazigusi mashine kwa mikono yao. Zinaomba.

Mfano mkubwa ni CP/M, mfumo endeshi ulioanzishwa na Gary Kildall mwaka 1974. Programu ya CP/M hupakiwa kwenye anwani 256, na ikitaka kuandika herufi, kusoma kibodi au kufungua faili, huita anwani 5. Basi. Kilicho nyuma ya anwani 5 ni kazi ya mtengenezaji wa kompyuta. Kwa njia hiyo WordStar (programu ya kuandikia nyaraka) ile ile iliweza kufanya kazi kwenye Amstrad PCW, kwenye CPC 6128, kwenye Commodore 128 kupitia Z80 yake ya pili, na kwenye BBC Micro iliyochomekewa prosesa ya nyongeza ya Z80. Unachotakiwa kufanya ni kuiambia WordStar ni skrini ya aina gani, ili ijue kusogeza kishale.

Mtu huuliza hapo hapo: mbona Spectrum ya 48K haina CP/M? Kwa sababu baiti 16384 za mwanzo za Spectrum ni romu, haziandikiki, na CP/M inahitaji sehemu hiyo hiyo ya mwanzo iwe kumbukumbu ya kuandikia. Spectrum +3 ya mwaka 1987 iliweza kuiondoa romu pale na kuweka kumbukumbu, ikaipata CP/M.

Tatizo la CP/M kwa kawaida ni diski. Programu inavuka, lakini diski ya inchi 3 ya Amstrad haiingii kwenye diski draivu ya inchi 5.25. Hapo tunaunganisha mashine mbili kwa kebo ya siriali na kupitisha faili taratibu.

Mfano wa pili ninaoupenda zaidi ni Acorn, watengenezaji wa BBC Micro. Waliwasihi waandishi wa programu wa BBC Micro wasiandike kwenye skrini wenyewe, waite anwani 65518 na kuiachia romu kazi. Waliotii, programu zao zilivuka hadi Electron, kompyuta ndogo ya Acorn, na hadi prosesa ya nyongeza bila kubadilishwa herufi. Waliokataa kwa kutafuta kasi, programu zao zilibaki palepale. Kumbuka tu kwamba Electron haina modi ya 7, ile ya maandishi ya teletext inayokula takriban kilobaiti 1. Programu ya darasani iliyoandikwa kwa modi hiyo itahitaji kuhamishwa hadi modi ya 6, na modi ya 6 inakula kilobaiti 8.

Nina kaseti za VIC-20. Commodore 64 yangu itazisoma?

Itazisoma, maana Commodore walitumia umbo moja la kaseti kuanzia PET hadi C64, na programu ya BASIC (lugha ya programu iliyomo ndani ya mashine hizi) hupangwa upya yenyewe mahali BASIC inapoanzia: 4097 kwenye VIC-20 isiyoongezewa kumbukumbu, 2049 kwenye C64. Andika LIST na utaiona yote. Furaha huishia unapoandika RUN.

Skrini ya VIC-20 ina herufi 22 kwa mstari na mistari 23; ya C64 ina 40 kwa 25. Kinachoandikwa kwa PRINT kitaonekana, ila kimejikunja upande wa kushoto. Kinachoandikwa kwa POKE, yaani kwa kuweka namba moja kwa moja kwenye anwani, hakitaonekana. Badilisha 7680 iwe 1024 kwa herufi, 38400 iwe 55296 kwa rangi, na kila panapozidishwa kwa 22 weka 40. POKE 36879, iliyopaka rangi ya ukingo na ya usuli kwa mpigo mmoja, igawe mara mbili: 53280 na 53281. Sauti uiandike upya kabisa. Chipu ya SID ya C64 huanzia 54272 na haina undugu na ile ya VIC.

Kwa programu za PET mambo ni mepesi zaidi. PET ina skrini ya 40 kwa 25 kama C64, iliyoko 32768, na BASIC yake huanzia 1025. Chipu ya picha ya C64 inakubali kuhamishiwa skrini, kwa hiyo ukiihamishia 32768 na kuishusha BASIC hadi 1025, programu nyingi za PET zinajiona ziko nyumbani. Commodore wenyewe walitoa programu ndogo ya kufanya hivyo.

Programu ya BASIC ya ZX81 kwenye Spectrum je? Si zote ni za Sinclair?

Ni za Sinclair, lakini kaseti hazisomani. ZX81 huandika biti ya sifuri kwa milio minne na biti ya moja kwa milio tisa, halafu kimya kidogo. Spectrum hutumia namna nyingine kabisa. Inabidi kaseti isomwe kwenye laptopu, orodha ya mistari itolewe, kisha uiandike kwa mkono kwenye Spectrum.

Nitakueleza kazi moja niliyoifanya, kwa sababu kosa lake utakutana nalo. Mama mmoja kutoka Bugembe aliniletea kaseti ya marehemu baba yake, mwalimu, aliyeandika programu ya kujumlisha alama za wanafunzi. Kaseti ilikuwa imefungwa kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, mara tatu, na juu yake kwa kalamu ya risasi: ALAMA P7. Ilisomeka jaribio la nne. Niliandika mistari yake kwenye Spectrum, nikatoa FAST na SLOW ambazo Spectrum haizijui, nikafuta SCROLL, nikawasha. Ikauliza jina, ikauliza alama, ikajumlisha. Kila jumla ilikuwa kubwa kupita kiasi.

Nilikaa nayo jioni nzima. Mwalimu alikuwa amesoma tarakimu moja moja kutoka kwenye maandishi, kwa mstari huu:

LET M=CODE A$-28

CODE hutoa namba ya herufi. ZX81 haifuati ASCII, mpangilio wa kawaida wa namba za herufi. Kwake sifuri ni 28 na herufi A ni 38. Kwa hiyo 7 ni 35, toa 28, unapata 7. Spectrum inafuata ASCII: sifuri ni 48 na A ni 65. Hapo 7 ni 55, toa 28, unapata 27. Kila tarakimu ilikuwa imeongezewa 20. Nikabadilisha 28 ikawa 48, na jumla zikakaa sawa. Kaseti ilikuwa na majina ya darasa zima, na yule mama alikaa kwenye benchi langu akiyasoma moja moja, akinionyesha yupi sasa ni daktari na yupi alifariki.

Kwa hiyo unapohamisha kutoka ZX81, tafuta kila CODE na kila CHR$. Tafuta pia PLOT: ZX81 ina nukta 64 kwa 44, Spectrum ina 256 kwa 176, na UNPLOT haipo. Mchoro usiobadilishwa utaukuta umejibana kwenye kona ya chini kushoto.

Emuleta ni nini, na je, mashine ya zamani inaweza kuiga nyingine ya zamani?

Emuleta ni programu inayojifanya kompyuta nyingine. Husoma agizo la mashine ya kigeni, huliangalia maana yake, hufanya kazi inayolingana, kisha husoma linalofuata. Inawezekana kuiandika kwenye mashine ya zamani, na watu waliiandika. Swali ni kasi.

Tupige hesabu moja. Agizo jepesi kabisa la Z80 kwenye Spectrum huchukua mapigo 4 ya megahezi 3.5, yaani kama sekunde 1.14 ukizigawanya kwa milioni. Amiga 500 ya hapa kwetu, ile ya PAL (mfumo wa picha wa runinga zetu), ina prosesa ya 68000 ya megahezi 7.09. Ndani ya muda huo huo inapata mapigo 8. Agizo jepesi kabisa la 68000 linakula mapigo 4. Kwa hiyo Amiga ina nafasi ya maagizo mawili tu, na ndani yake inatakiwa ichukue baiti ya Z80, itafute kwenye jedwali, iruke hadi kwenye kazi yake, iifanye, irekebishe bendera (biti zinazoonyesha matokeo ya agizo), isogeze hesabu na kurudi. Haitoshi hata kidogo. Ndiyo sababu Amiga 500 ikiiga Spectrum huenda polepole, na Amiga zilizokuja baadaye zenye prosesa kali zaidi ndizo zilizoweza kwenda kasi kamili. Atari ST iliyoiga IBM PC kwa programu tupu ilikuwa na kilio hicho hicho: kazi ya maandishi ungeifanya kwa subira, mchezo usingeucheza.

Mambo hugeuka pale prosesa zinapofanana. Macintosh ya kwanza, Atari ST na Amiga zote ni 68000. David Small alitengeneza kifaa cha Atari ST kilichokubali chipu halisi za romu za Macintosh. Maagizo hayakuhitaji kutafsiriwa; prosesa iliyatekeleza moja kwa moja, na kazi ilibaki kuelekeza skrini, kibodi na diski. ST yenye megahezi 8 na skrini ya nukta 640 kwa 400 ikaendesha programu za Macintosh yenye megahezi 7.83 na skrini ya 512 kwa 342. Nakala ikampita mwenyewe. Hata hivyo, diski za Macintosh zilibadili mwendo wa kuzunguka kadiri kichwa kinavyosogea, na draivu ya ST haikuweza kuzisoma bila msaada wa ziada. Mwembe ule ule wa swali la kwanza.

Shangazi alituletea Timex Sinclair 2068 kutoka Marekani. Ni Spectrum?

Ni binamu yake. Ilitoka mwaka 1983, ina Z80, BASIC yake inafanana, kwa hiyo programu za BASIC tupu huenda vizuri. Lakini romu yake iliandikwa upya na anwani zikahama, na michezo mingi ya Spectrum iliyoita romu huanguka. Tiba inajulikana: katriji yenye romu ya Spectrum. Ukiichomeka, mashine inapata mtaa inaoujua.

Kuna mambo mawili ya ziada kwa mashine za Marekani. Zimetengenezwa kwa umeme wa volti 120, na ukutani kwetu ni 240. Usichomeke bila transfoma ya kushusha. Halafu picha yake ni NTSC, mfumo wa runinga wa Marekani, yenye fremu 60 kwa sekunde badala ya 50, na muziki unaohesabu fremu huenda kasi zaidi kwa sehemu moja ya tano.

Je, programu ya Spectrum ya 48K itakubali kwenye Spectrum zote za baadaye?

Nyingi. Si zote, hasa kwenye +2A na +3, ambazo Amstrad walibadilisha saketi zake baada ya kuinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair mwaka 1986. Kama mchezo unaganda pale mara tu unapoanza, jaribu kwenye 48K halisi kabla ya kuilaumu kaseti.

Kaseti haisomeki. Imeharibika?

Mara nyingi mwenye kosa ni deki. Anza na pamba na spiriti: safisha kichwa mpaka pamba itoke nyeupe. Kando ya kichwa kuna skrubu ndogo yenye springi. Kaseti ikiwa inacheza, izungushe kidogo sana kwa bisibisi, huku ukisikiliza. Sauti itakuwa butu, kisha kali, kisha butu tena. Iache pale ilipo kali. Kaseti iliyorekodiwa kwenye deki ya mtu mwingine mwaka 1985 ina pembe ya deki ile, na ni wewe unayetakiwa kuifuata. Kama utepe una ukungu mweupe, usiucheze kabisa kabla ya kuusafisha. Utachafua kichwa na kukatika.

Ukitaka kuihifadhi, irekodi kwenye laptopu kama WAV, sampuli 44,100 kwa sekunde. Hesabu iko hivi: kwenye Spectrum, nusu ya biti ya sifuri ni mapigo 855, na nusu ya biti ya moja ni 1710. Ile fupi inapata sampuli kama 11, ile ndefu kama 22, kwa hiyo zinatofautishika vizuri. Tafadhali usinitumie kaseti kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Ujumbe huo hubanwa kwa ajili ya sauti ya mtu, na kinachotupwa ni kingo zile zile tunazozihitaji. Nimepokea nyingi za hivyo na sijaweza kuokoa hata moja. Tuma faili yenyewe kama waraka.

Kupakia kutoka kwenye simu inawezekana: kebo kutoka soketi ya simu hadi soketi ya EAR, sauti juu kabisa, vipambo vyote vya sauti vimezimwa, na simu isiwe hewani. Kengele ya mtu anayekupigia katikati ya dakika ya nne inaifuta kazi yote, na utasoma "R Tape loading error".

Adapta gani nitumie? Na nikiwa kwenye sola?

Soma sehemu hii kabla ya kuchomeka chochote. Spectrum inataka volti 9 za DC, ampea 1.4, na pini ya katikati ni hasi. Adapta karibu zote za siku hizi zina chanya katikati. Plagi inaingia vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Niliua Spectrum yangu ya kwanza namna hiyo, kwa adapta ya ruta iliyokuwa karibu na mkono. Hakukuwa na moshi wala harufu, skrini tu ilibaki na milia isiyosogea. Chipu nane za kumbukumbu ya chini zinahitaji volti tatu tofauti kwa pamoja, na moja ikikosekana zinakufa. Niliuza redio ili ninunue chipu nyingine. Pima kwa mita, kila mara, hata kama adapta umeitumia jana.

Commodore 64 ni hadithi nyingine. Adapta yake nyeusi ya zamani hutoa volti 5 za DC na 9 za AC, na inapozeeka ile 5 hupanda juu na kuchoma kumbukumbu. Ipime kabla ya kuichomeka, na uipime tena ikiwa imepata joto. Ikizidi 5.25, iweke kando.

Kwa walio kwenye sola: betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hupita 14. Usiipeleke Spectrum moja kwa moja. Kidhibiti chake cha ndani hugeuza ziada yote kuwa joto, na kasha la plastiki halina pa kulitolea. Nunua kishusha-volti kidogo, kiweke 9, kaza skrubu yake kwa tone la gundi. Na mawingu ya Jinja yakianza kuunguruma, chomoa kila kitu ukutani, kebo ya runinga ikiwemo.

King'amuzi changu hakiioni Spectrum.

Hakitaiona kamwe. Spectrum hutoa picha ya analogia kwenye chaneli 36 ya UHF, na king'amuzi husikiliza dijitali tu. Chomeka kwenye soketi ya antena ya runinga yenyewe, kisha tafuta chaneli za analogia. Runinga isipokuwa nazo, fundi yeyote wa redio anaweza kuitolea Spectrum njia ya AV kwa waya mmoja.

Ni halali kunakili romu na michezo?

Sheria ya Haki za Utunzi ya Uganda ya mwaka 2006 inazihesabu programu za kompyuta kuwa kazi inayolindwa, na kuzeeka kwa mashine hakufuti haki hiyo. Kwa romu za Spectrum tuna bahati: mwaka 1999 Amstrad waliruhusu zisambazwe pamoja na emuleta, haki ikibaki kwao. Romu nyingine nyingi hazina ruhusa kama hiyo. Programu ulizoandika mwenyewe au alizoandika mzazi wako ni zenu, na kwangu hizo ndizo za kwanza kuokolewa. Mchezo maarufu una nakala duniani kote. ALAMA P7 ilikuwa moja tu.

Si rahisi zaidi kutumia emuleta ya simu au laptopu?

Ni rahisi, na mimi huanza nayo. Fuse kwa Spectrum, VICE kwa Commodore: naangalia kwanza kama rekodi ni nzima kabla sijaitesa mashine halisi. Zinasaidia pia kusimamisha programu katikati na kutazama inaita anwani zipi, kazi ambayo zamani ilihitaji siku na daftari. Baada ya hapo narudi kwenye mashine, maana programu iliyoandikwa kwa kibodi ya mpira na runinga ya kioo kinene inaonyesha tabia zake pale.

Nina kaseti tu. Mashine sina na sijui ilikuwa ya aina gani. Nianze wapi?

Usiicheze mara nyingi. Vunja vile vikonyo viwili vya plastiki nyuma yake ili isirekodiwe kwa bahati mbaya, irudishe nyuma hadi mwanzo, kisha isikilize mara moja kwa spika huku unarekodi. Spectrum huanza na mlio mmoja mrefu uliotulia wa sekunde kama tano, kisha mkwaruzo mfupi, kimya, mlio tena, halafu mkwaruzo mrefu. ZX81 haina mlio ule uliotulia. Ni mngurumo mzito tangu mwanzo. Commodore huanza na mlio mwembamba wa sekunde kama 10 kabla ya chochote.

Ukiwa umeshaitambua, njoo nayo au nitumie rekodi. Kama ni ya Spectrum tutaichomeka hapa mezani, tutabonyeza J (kitufe kinachoandika LOAD), alama za nukuu mbili, ENTER, na kusubiri ukingo wa skrini. Milia minene ya nyekundu na samawati maana yake mashine imesikia mlio. Ikigeuka kuwa myembamba ya buluu na njano, programu imeanza kuingia.